Kapasita ya swichi: je, tuiite resista?

Amri ya AC ya SPICE, programu ya kuiga sakiti kwenye kompyuta, hupima sakiti kwa masafa mbalimbali, lakini haijui kwamba swichi inayojaza na kumwaga kapasita inacheza. Huigandisha sakiti katika hali moja, kisha hupima. Swichi ikiwa imeachia, utaambiwa impidansi ya kuingilia (ukinzani wa jumla dhidi ya ishara) karibu haina mwisho. Ikiwa imeshika, utaonyeshwa kapasita tupu. Majibu yote mawili hayakusaidii.

Ndiyo maana wengi hukimbilia resista ya wastani. Kapasita C inayojazwa na kumwagwa mara f kwa sekunde huvuta mkondo, kwa wastani, kama resista ya 1/(fC). Wazo ni kongwe: mwanafizikia James Clerk Maxwell aliliandika mwaka 1873. Pikofaradi 10 kwa megahezi 1 zinageuka kilo-omu 100, unaichomeka resista hiyo kwenye mchoro, na jibu linatoka papo hapo. Kwa kukadiria mkondo, sioni njia bora.

Lakini iunganishe kapasita hiyohiyo na chanzo cha volti 1 chenye ukinzani wa kilo-omu 10, swichi ikishika mikrosekunde 0.5 katika kila mzunguko. Resista ya wastani inadai volteji imeshuka hadi 0.909, kosa la 9%. Ukiiga sakiti yenyewe, hatua kwa hatua katika muda, unaona RC (ukinzani mara kapasita, kipimo cha muda wa kujaa) ni mikrosekunde 0.1 tu, kapasita inapata mara tano ya muda huo, na swichi inapoachia imeshafika 0.993. Hiyo ndiyo volteji inayosomwa, na kosa lake halifiki 1%.

Sasa weka nanofaradi 10 kwenye mlango wa kuingilia, kama tunavyozoea kufanya ili kutuliza michomo ya mkondo. Chanzo hakiwahi tena kurudisha chaji yote kabla ya mzunguko unaofuata, na volteji inatulia karibu na 0.909 kweli. Resista iliyokosea sasa inasema kweli, na kapasita tuliyoiweka kwa nia njema ndiyo imeleta kosa!

Gharama ya uigaji wa muda si ndogo. Katika mfano huu wa pili inabidi kusubiri mizunguko mia kadhaa ili volteji itulie, na kazi hiyo irudiwe kwa kila masafa unayotaka kupima. Zana kama SpectreRF huitafuta kwanza hali inayojirudia, kisha hupima kuizunguka. Ni njia nzuri kwa mwenye leseni. Asiye nayo, mimi ningemshauri atazame kwanza kilicho mbele ya swichi. Kukiwa na kapasita kubwa na ishara ikiwa ya polepole, resista inatosha. Ishara ikikaribia nusu ya masafa ya kloki inayoichezesha swichi, resista hiyo aiondoe kwenye mchoro.