Koma na nukta za marejeleo: azipange mwandishi au jarida?

Ukikaa na watu wanaoandika pepa za majarida, kelele ya kwanza utakayosikia sio utafiti wala takwimu, ni marejeleo, yaani ile orodha ya vyanzo alivyotumia mwandishi. Jarida hili linataka mtindo wa APA (ule wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani), lile Vancouver, la tatu linasema Harvard ila ukiilinganisha na Harvard ya jarida jirani haziingiliani, huku mwaka kwenye mabano, kule mwaka mwisho, huku "na wenzake", kule "et al.", alafu ukikataliwa ukapeleka kwingine unaanza kupanga upya pepa ileile ambayo hoja yake haijabadilika hata neno. Ndo ikazuka kambi inayosema mwandishi apeleke marejeleo kwa mtindo wowote ule, pepa ikishakubaliwa ndo mambo ya staili yafuate.

Kambi hiyo haiongei hewani. Mwaka 2019 kwenye jarida la PLOS ONE ulitoka utafiti uliowauliza watafiti 372 wa nchi 41 wanapoteza muda gani kufomati, ikaja saa 14 kwa mswada mmoja, ambazo zikapigiwa hesabu ya dola 477. Hapo ni fomati yote jamani, majedwali na picha vimo, usije ukaibeba namba hiyo ukasema ni koma za marejeleo tu. Lakini hata ukikata nusu bado ni mshahara wa mtu. Na wachapishaji wakubwa wenyewe wameshalegeza, kampuni ya Elsevier walianza 2011 na jarida lao la Free Radical Biology and Medicine kupokea miswada bila kubana staili, wakaja kupanua kwenye mengine.

Kinachochekesha ni kwamba staili hizi nyingine zilikuja kama nafuu. 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakubaliane masharti ya pamoja ili mtu asilazimike kuchapa upya mswada kila akibadili jarida, enzi za taipureta hizo, na namba zile tunazopachika [1] [2] ndo zikabaki na jina la mji huo. Sasa kila jarida likaongeza vikorombwezo vyake, leo hazina ya staili inayotumiwa na Zotero, programu ya kupanga marejeleo, ina zaidi ya 10,000, ingawa nyingi ni kitu kimoja kimebadilishwa jina tu.

Alafu uzuri wa umbo haukuhakikishii chochote. Kuna pepa ya Van der Geer na wenzake ya mwaka 2000 kuhusu sanaa ya kuandika makala ya kisayansi, imetajwa karibu mara 400, na haipo, haijawahi kuwepo. Elsevier waliiweka kama mfano kwenye maelekezo yao ya kupanga marejeleo, watu wakawa wanatumia kiolezo wanasahau kuufuta mfano, wengine wakaitaja kabisa ndani ya matini kama ushahidi, na wapitiaji wakapitisha maana koma zote ziko mahali pake. Profesa mmoja wa Uholanzi, Pieter Kroonenberg, ndo aliyeshtuka, na mtafiti mwenzake Anne-Wil Harzing akalifuatilia akaliandika 2017. Hiyo ni kabla ya akili bandia. Sasa hivi unaletewa rejeo lenye mwandishi, juzuu na kurasa, APA safi haina doa, ukiitafuta pepa yenyewe hakuna, na kama unadhani ni masihara waulize wale mawakili wa New York waliopigwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT.

Ila nikigeukia upande wa pili, siwezi kuwacheka wahariri wetu. Elsevier ana watu wa kulipwa na mitambo ya kunyoosha. Jarida la idara ya chuo huku kwetu mhariri wake ni mhadhiri mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha, hana msaidizi, kazi ya jarida halipwi au analipwa kitu cha soda, ukimwambia apokee kila staili hujaondoa hiyo kazi, umemtupia yeye. Kwa jarida la namna hiyo sharti la staili ndo uhai wake, na wanaopiga kelele za uhuru bila kusema nani atafanya kazi hiyo hawajamaliza hoja.

Na staili ya jarida lenyewe wakati mwingine ina sababu. APA toleo la 7, la 2019, liliondoa mji wa uchapishaji, sawa kwa Wamarekani. Kwetu mji unasema jambo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitolewa na wachapishaji wa Oxford, Dar es Salaam, toleo la 2004 Oxford haohao, Nairobi, anayefuatilia historia ya uchapishaji wa Kiswahili anahitaji hiyo taarifa, kwahiyo jarida la Kiswahili likisema weka mji mimi sioni ushamba.

Balaa lenyewe liko kwenye majina, na hapo kambi zote mbili zimekaa kimya. Programu zinataka jina la kwanza na jina la ukoo, wakati watu wetu wengi wana jina lao, la baba na la babu, ukoo haupo hapo. Shaaban Robert, huyo Robert ni baba yake, lakini orodha moja utakuta "Robert, S." nyingine "Shaaban, R.", kwa mashine hao ni watu wawili. Kwa marehemu ni usumbufu tu, kwa mhadhiri aliye hai anayesubiri kupandishwa cheo ni nukuu zake zinagawanyika. ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, inasaidia kiasi kama mtu atajisajili na kushikilia umbo moja la jina maisha yake yote.

Mimi naona tunabana pasipostahili na kulegeza panapostahili. Siku ya kwanza jarida libane ukamilifu: majina yote, mwaka, kichwa, kurasa, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) kama ipo, na mtindo wowote ila uwe mmoja toka juu hadi chini. Majarida yetu mengi ya zamani hayana DOI, hivyo hapo ndo pa kuwa mkali zaidi, maana kurasa zikikosewa hakuna njia nyingine ya kuifikia hiyo makala. Umbo lije pepa ikishakubaliwa na alifanye mwandishi, sio mhariri, Zotero ni ya bure toka 2006, ukibadili staili orodha nzima inajipanga. Ukague lakini, maana data inayovutwa mtandaoni ina vituko, unaweza kukuta chuo kikuu kimegeuzwa mtu ana jina la kwanza na la ukoo.

Na jarida linalong'ang'ania staili yake lenyewe liwe limeshaitengenezea faili ya Zotero na kuiweka wazi waandishi waichukue. Kama hilo limewashinda, watumie APA, mji wakiutaka waseme kwa sentensi moja kwenye maelekezo, na muda utakaobaki mpitiaji achague marejeleo matano yoyote ayafungue aone kama yapo na kama yanasema kile kinachodaiwa yanasema.