Zege halilali, na mimi pia silali

Jumapili hii tumetangaziwa awamu ya pili. Awamu ya kwanza ilibomoa ukuta wa magharibi ili kanisa lipanuke, na kweli limepanuka: tunasali chini ya turubai, na mrunda uliolishikilia umesimama katikati yangu na mchungaji. Namfahamu kwa sauti tu siku hizi.

Nisieleweke vibaya. Kanisa lilikuwa dogo, Pasaka watu walisikilizia Neno mwembeni. Lakini Januari, jamani? Januari hii hii?

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kasimama na karatasi yake. Kaanzia kwa Wajerumani wa Azania Front, lile kanisa la Kilutheri la Dar es Salaam, eti walijenga tangu 1898 na vile vigae vyekundu mpaka leo unavionea baharini. Kaja kwenye nondo za milimita 16, kokoto, mchanga, saruji. Kisha akatupiga na ile yao: "Wapendwa, zege halilali!" Jamvi la zege likianza kumwagwa halikatizwi, ukiliacha nusu pale pa kuungia ndipo patakapokuja kuvuja, kwa hiyo fedha zote ziwepo siku moja. Nimemwelewa kabisa. Ila mimi nina ada ya shule na mita ya umeme ya LUKU inayolia tiii tiii usiku kucha, silali vilevile, na sijaona kamati.

Ukutani wamebandika orodha: jina, ahadi, alicholipa, baki. Baki yangu wameiandika kwa kalamu nyekundu.

Sasa njoo kwenye mnada. Mama mmoja kaleta jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba ya katani, macho ya afande. Mzee wa kanisa kamnyanyua juu: "Jogoo wa Bwana, elfu tano!" Kikundi cha akina mama wakamchukua kwa kumi, wakasema wanamrudisha auzwe tena. Makofi. Kwaya wakamchukua kwa kumi na mbili, wakamrudisha. Vigelegele. Jogoo kauzwa na kurudi mpaka kachoka, kichwa chini, anatuangalia tulivyo wendawazimu.

Mimi nikapiga hesabu. Sokoni Shekilango jogoo wa namna ile huondoki naye chini ya ishirini na tano. Nikanyoosha mkono kwa heshima zote: "Kumi na tano!" Kimya. Nikapewa. Nikalipa taslimu, nikamkumbatia.

"Bwana Yesu asifiwe! Baba yetu anamrudisha!" mzee katangaza kwenye maikrofoni.

"Amina. Hapana, anakwenda nyumbani."

Turubai zima likageuka. Mchungaji akakohoa nyuma ya mrunda. Mzee akadhani maikrofoni imekwaruza: "Baba anasema anamrudisha kwa ajili ya nyumba ya Bwana?" Nikasema kwa ajili ya nyumba yangu, ina watu sita na hawajaonja kuku tangu Krismasi. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaanzisha pambio taratibu, lile la kutoa bila kuzuia. Wakaitikia! Wananiimbia mimi! Na jogoo naye, mwanaharamu, akawika katikati ya kiitikio.

Nimenunua au sijanunua? Kama kuku haliwi, si mtunadishie picha yake tu, hata huyo jogoo angepumzika! Mtu ametoa hela yake halali, anaonekana kama kaiba sadaka!

Nikatoka kwa hadhi, tai imekaa sawa, kinyesi cha jogoo kwenye shati.

Ndani ya daladala konda anataka nauli ya kuku. Nikamwambia, basi mtoze ya mwanafunzi. Akasema hana sare. Tumebishana vituo viwili, abiria wamegawanyika, dereva naye kazima redio asikilize vizuri. Jamaa wa siti ya nyuma, nilidhani anakuja kunitetea, kanigusa bega: "Mzee wangu, huyo unamwachia bei gani?"

Nikamwambia thelathini. Akasema ngoja kwanza ashuke Shekilango akaulizie.