Miwani ya sokoni Kadutu: ipigwe marufuku au iachwe?

Kwenye soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, miwani ya kusomea hupangwa juu ya kadibodi au hubebwa mkononi na vijana wanaopita katikati ya wauza nguo. Mnunuzi anajaribu moja, anatazama maandishi ya pakiti yoyote iliyo karibu, anajaribu nyingine, analipa na kwenda zake. Akifika nayo kliniki ya macho ya mtaani kwake, anaambiwa aivue. Wahudumu wengi wa macho wangefurahi biashara hii ikikomeshwa. Wauzaji nao wanauliza: asiye na pesa ya kipimo, mnataka akae bila kuona?

Mimi nasema miwani hiyo ibaki, lakini isiuzwe kwa kila mtu. Na kabla ya kufika hapo, kliniki isikilizwe vizuri, kwa sababu hoja yake yenye nguvu zaidi ndiyo inayosikika mara chache.

Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa polepole, na kuanzia umri wa miaka 40 hivi vitu vya karibu vinafifia. Si ugonjwa, kila atakayejaliwa umri atapitia hapo. Lakini kwa fundi cherehani anayeshindwa kutunga uzi, au mama anayeacha mawe katika maharagwe ya kuuza, ni hasara ya kila siku. Siku hizi kuna na simu. Asiyeona maandishi yake humpa mtu mwingine namba yake ya siri ili amtolee pesa, na wengine wameibiwa hivyo na watu waliowaamini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 wana tatizo hili la kutoona karibu bila msaada wowote. Afrika ya kati, mashariki na magharibi, wanaokosa msaada ni zaidi ya 80% ya wanaouhitaji. Katika nchi tajiri hawafiki 10%.

Watetezi wa miwani ya bei nafuu wana ushahidi wa kutaja. Huko Assam, India, wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2018: waliopewa miwani ya karibu walichuma zaidi ya wenzao kwa karibu 22%. Mwaka 2024 ukafuata wa Bangladesh, ambako mapato ya mtu wa katikati kati ya waliopewa miwani yalipanda kutoka dola 35.3 hadi 47.1 kwa mwezi. Kwa familia ya Kadutu, nyongeza ya dola 12 si ndogo hata kidogo.

Ila tusome vizuri. Wale wachuma chai wa Assam walipimwa kwanza. Walioingia ni wale wanaoona mbali vizuri, wasio na ugonjwa wa macho. Hakuna aliyejichagulia miwani juu ya kadibodi. Utafiti huo unatetea miwani rahisi iliyotolewa na mtu aliyefundishwa, na hilo halilingani na kinachofanyika sokoni kwetu.

Sasa hoja ya kliniki. Kuna inayosemwa sana kwamba miwani ya sokoni inaharibu macho. Si kweli kwa mtu mzima: namba ya miwani, yaani nguvu ya lenzi, isiyomfaa itampa maumivu ya kichwa na uchovu, basi. Muhudumu anayewatisha watu kwa hilo anapoteza imani yao bure, maana jirani ameivaa miaka mingi na bado anaona.

Hoja nzito ni ya glakoma. Presha ya jicho inaua mshipa wa kuona polepole, kwa aina yake ya kawaida bila maumivu, ikianzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Sisi watu weusi inatupata zaidi na mapema zaidi. Sasa fikiria: mtu wa miaka 45 asiyeumwa, ni kitu gani kitamleta kwa daktari wa macho? Karibu ni kimoja tu, kushindwa kusoma. Soko likimtatulia hilo, sababu yake ya kupimwa imekwisha. Mtoto wa jicho naye ana hila yake. Kuna wazee wanaoshukuru kwamba wameanza tena kusoma bila miwani, kumbe ni lenzi inayobadilika kwa ugonjwa.

Hoja hii naikubali, lakini haileti marufuku. Ukiondoa kadibodi kesho, mama wa maharagwe hatapanda kwenda kliniki. Atamwomba mtoto wake amchambulie. Kinachomzuia ni bei ya kipimo na siku nzima ya mauzo atakayopoteza, na vyote viwili viko upande wa kliniki.

Uingereza, yenye madaktari wa macho wengi, inaruhusu miwani ya kusomea iuzwe dukani bila cheti kwa masharti: mnunuzi awe na miaka 16 au zaidi, lenzi zote mbili ziwe na namba moja, isipite +4. Sisi tungeweza kuanzia hapo na kuongeza kidogo. Mwanafunzi asiuziwe kamwe, kwa sababu jicho la mtoto lisiposaidiwa mapema linaweza kubaki dhaifu maisha yote. Aliye chini ya miaka 40, mwenye kisukari, mwenye ndugu aliyepofuka, asiyeona mbali, au anayerudi kila baada ya miezi michache kutafuta namba kubwa zaidi, aelekezwe kliniki. Maswali haya muuzaji anaweza kuyajifunza kwa asubuhi moja. Wahamasishaji wa afya wa mtaa, RECO, wanayaweza zaidi, na ningependa wao ndio wakabidhiwe kazi hii, kwa kuwa tayari wanaingia nyumba kwa nyumba.

Upande wa kliniki, kupima presha ya jicho kwa wenye miaka 40 na zaidi kutengwe na bei ya miwani, na kufanyike Jumapili baada ya misa, karibu na soko. Aje hata aliyevaa miwani ya kadibodi, apimwe bila kugombezwa.