Bakajani la mpunga: tuhariri mbegu au tusimamie jaruba?

Mwaka 2019 mpunga wa Dakawa, Morogoro, ulishambuliwa na bakteria wa bakajani, ugonjwa unaokausha majani ya mpunga, wenye silaha ambazo wenzao waliozoeleka Afrika hawakuwa nazo. Kwa mwenye majaruba Magu, Misungwi au Kwimba, Dakawa ni mbali. Ila mbegu husafiri.

Bakteria huyo, Xanthomonas oryzae, huingia kwenye jani kupitia vitundu vya pembezoni au jeraha, akaishi ndani ya mirija ya maji, ambako chakula ni haba. Hapo huzichoma seli kama kwa sindano na kupenyeza protini ziitwazo TALE. Protini hizo hufika kwenye kiini cha seli, zikashika swichi (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ya jeni la SWEET, linalotoa sukari nje ya seli, na kuliwasha. Mpunga wenyewe ukaanza kumwaga sukari, chakula cha bakteria. Jeni hizo ni zaidi ya 20, lakini shambani bakteria hawa hutumia tatu tu: namba 11, 13 na 14. Wa Afrika waliozoeleka hulenga 14. Wale wa Dakawa hulenga 11, tena wana protini fupi inayozima kinga ya Xa1, jeni la mpunga la kukinga bakajani, hivyo mbegu inayotegemea Xa1 pekee haiwawezi.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya Komboka, aina ya mpunga, iliyohaririwa swichi zote tatu, yaani herufi chache za DNA yake zilibadilishwa. Protini ikikosa pa kushika, sukari haitoki. Mpunga huo uliwahimili bakteria waliozoeleka Afrika na wa Dakawa pia.

Wanaopinga uhariri huo wana hoja nzito: bakteria hubadilika, na huenda siku moja wakapata jeni la nne. Tena anayepanda SARO 5, aina nyingine ya mpunga, hanufaiki na Komboka.

Usafi wa jaruba hauhitaji kibali cha mtu. Usikate ncha za miche wakati wa kupandikiza, maana kila jeraha ni njia ya kuingilia. Urea gawanya mara mbili; ikizidi, majani hulainika na ugonjwa hukimbia. Ukiona michirizi ya njano yenye kingo za mawimbi, kata kipande cha jani mpakani mwa njano na kijani, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo si upungufu wa mbolea: punguza maji, sitisha urea, usipite shambani majani yakiwa na umande.

Hata hivyo, mvua ya upepo ikishapasua majani, usafi huo hauzuii mengi. Kwa hiyo naunga mkono uhariri ujaribiwe hapa nchini, mradi ufanyike kwenye SARO 5 na mbegu nyingine ambazo wakulima wa Kanda ya Ziwa wanazipanda tayari, na mkulima abaki na haki ya kuhifadhi mbegu yake.