Kikoi hakikuanguka, kililegea

Kwanza nimsahihishe swahibu yangu fundi simu, maana hadithi yake, eti kikoi kilinianguka darini nikicheza chakacha na paka, imefika Mokowe ng'ambo kabla ya boti ya asubuhi. Kikoi hakikuanguka. Kililegea. Wala sikuwa nacheza chakacha na paka. Nilikuwa natafuta waya.

Habari za kamera yangu ya nyota, ya kufungwa kwenye darubini picha zije kwenye simu au TV, nimewachosha nazo tangu Ramadhani, sizirudii. Mjue tu kuwa nyumba yetu ni ya mji wa kale wa Lamu, kuta za matumbawe na chokaa, nene hasa. Wifi ya sebuleni ikifika ngazi ya kwanza imeshachoka. Na kutoboa hutoboi ovyo, huu ni mji wa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na hata kama si UNESCO yupo Bibi. Kamera yenyewe ni ya USB, na waya wa USB ukizidi mita 5 huna uhakika nao. Basi darini, juu kabisa ya nyumba, nikaweka kompyuta ndogo, Raspberry Pi, kamera ikachomekwa humo, na waya wa mtandao ukashushwa kwenye tundu la zamani kando ya boriti mpaka kwenye rauta ya chini. Simu yangu nayo nikaiungia rauta kuukuu niliyoitundika huko huko darini.

Hiyo rauta kuukuu ndiyo mchawi wangu. Inagawa anwani zake za mtandao yenyewe. Simu ikapewa 192.168.1 na kitu, kamera iko 192.168.0, yaani mitandao miwili mbalimbali. Programu ya simu huitafuta kamera kwa kuiita jina, na wito huo hauvuki rauta. Simu inaniambia hakuna kamera, nami naiamini.

TV haikuwa na shida hiyo, yenyewe iko kwenye rauta ya chini. Mchana niliiandikia anwani ya kamera kwa mkono, ikaleta ukurasa mweupe pe, nikasema haifanyi kazi. Kumbe kamera ilikuwa imepangwa kwa usiku, sekunde 2 kila picha, na jua la saa tisa likiingia sekunde 2 utaona nini zaidi ya weupe? Nikaiacha inawaka. Rimoti nikaichomeka kiunoni, kwenye kikoi, watoto wasije wakabadilisha.

Jioni wakaja wageni. Si wa kahawa. Wa posa, wamekuja kumposa dada yangu, wazee wa kanzu na makoti. TV ukutani nyeupe kama sanda, na Ami anawatangazia kwamba baada ya Isha kijana wetu, mtaalamu wa falaki, atawaonyesha Zohali na pete zake. Lishikeni hilo neno mtaalamu.

Magharibi tuliposali nikapanda darini na sahani ya sambusa. Ndiyo, za wageni. Wewe wa Langoni usijifanye hujawahi. Kamera nilikuwa nimeiweka juu ya ukuta wa dari na ile lenzi pana iliyokuja nayo, ikinitazama mimi, nikaanza kuhangaika na darubini.

Yanayofuata nimehadithiwa, kila mtu na kicheko chake. Giza likaingia, weupe wa TV ukaanza kupungua. Ukatokea mstari wa ukuta. Yakatokea makuti. Mzee mmoja akauliza kwa adabu, "Hii chaneli gani, bwana?" Ami akajibu, "Ya nje hii."

Halafu nikatokea mimi.

Picha ya sekunde 2 ina tabia yake: kinachotembea kinafutika, kinachotulia kinang'aa. Mikono yangu haikuonekana, ilikuwa inapekua waya. Kichwa hakikuonekana, kilikuwa chini ya meza. Kilichotulia, kikaielekea kamera, kikajaa TV nzima, mnakijua. Na kwa kuwa kamera haina kichujio cha infraredi, ile nuru tusiyoiona kwa macho, chini ya taa ya zamani ya jirani kikoi changu cha buluu kikatoka cha waridi.

Picha ikabadilika. Paka, katulia tuli, mbele ya sahani.

Ikabadilika. Sahani ipo, paka hayupo, na katikati ya dari kuna ukungu mrefu. Huo ukungu ni mimi naruka.

Hapo pindo la kikoi likanasa kwenye mguu wa tripodi, rimoti ikavuta upande wake, na darubini ikaanza kuyumba. Sasa nifanye nini jamani? Nikaganda. Mkono mmoja kwenye darubini, mwingine kwenye kikoi, mguu juu, sambusa mdomoni. Nikaganda vizuri mno. Sijawahi kupiga picha kali kama ile, mpaka nyota mbili tatu zinaonekana nyuma ya sikio langu. Ndani nilivaa bukta ya mpira, kwa hiyo anayesema vingine na amwogope Mungu.

Chini, Bibi anapiga kelele, "Zimeni! Zimeni hiyo!" Plagi iko nyuma ya kabati la vyombo, haifikiki. Rimoti inatafutwa chini ya mito, chini ya mkeka, mpaka mtoto mmoja akanyoosha kidole kwenye TV: "Ile pale, kiunoni kwake."

Rimoti ikadondoka, kitufe kikabonyezeka. Macho yetu hayaioni nuru ya rimoti, kamera inaiona. Picha iliyofuata ikaja na nukta moja nyeupe, inameremeta sakafuni kando ya mguu wangu. Mzee wa upande wa pili akasogea mbele, akatoa miwani. "Hiyo ndiyo Zohali?"

Nikashuka nikiwa sina habari. Nikawaambia, "Wazee wangu mniwie radhi, mtandao umekataa." Hakuna aliyenijibu, Ami anafuta machozi kwa kofia.

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Rauta kuukuu nimeizima ugawaji wa anwani, waya wake nimeuhamishia tundu la LAN, la mtandao wa ndani, sasa simu na kamera zinaonana. Zohali tuliitazama baadaye, kwa jicho, kwenye darubini. Hakuna aliyetaka TV. Ila ile kompyuta huhifadhi kila picha kwenye kadi, na kadi nilimpa fundi simu aniangalizie mbona imejaa.

Leo shemeji mtarajiwa ameniandikia, anataka ile ya mguu juu, kwa ukubwa wake kamili, akaichapishe. Nimempelekea iliyokatwa kifuani.