Ibra kwa dakika arobaini

Wiki ya tatu hii tangu nirudi kutoka Oman na kinyongo hakijanitoka. Si kinyongo cha hela, ingawa hela ilikwenda kweli kweli. Ni cha muda. Tulikuwa watu tisa, magari mawili, siku tano: Muscat, Nizwa, jangwani, Sur, kisha kurudi Muscat kwa njia ya pwani. Kwenye ratiba, jangwa lilipewa mchana, jioni, usiku na asubuhi yake. Mji wa Ibra, ulio njiani kwenda jangwani, ukaandikiwa "kusimama kidogo". Nilipima kwa saa yangu: dakika arobaini, na kumi kati ya hizo ziliishia kwenye foleni ya choo.

Mimi ni mtu wa Tabora, na ndiyo maana limenikaa rohoni. Tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone. Mwalimu akatuonyesha mlango wa nakshi akasema, "Hii nyumba ilikuwa ya Waarabu," tukaandika daftarini, tukarudi. Waarabu gani? Wa wapi? Kwao kukoje? Hakuna aliyeuliza. Nimekuja kujua ukubwani kwamba Burton, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857 alipokewa na Snay bin Amir, mtu wa kabila la Harthi, na kwamba Waharthi kwao hasa ni Sharqiya, mashariki ya Oman, Ibra na vijiji vya jirani. Nusu ya historia tuliyofundishwa kuhusu mji wetu ilianzia pale. Mimi nililipa nauli ya ndege kwa ajili ya Ibra. Mchanga ulikuwa nyongeza.

Nizwa sina la kulalamikia, ila kwamba soko lao la mbuzi ni Ijumaa na sisi tulifika Jumanne. Mnara wa ngome ni duara moja kubwa, kama ngoma iliyosimamishwa, uliojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, huyo huyo aliyewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyeichukua Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Kwa hiyo ukipanda ngazi za Nizwa, unapanda ngazi za ukoo ulioibadilisha pwani yetu. Chumba kilichonishika zaidi kilikuwa cha ghala la tende. Sakafu yake ina mifereji myembamba. Magunia yalipangwa juu yake mpaka darini, uzito ukayakamua, asali ya tende ikateremka yenyewe hadi kwenye mtungi. Asali hiyo ililiwa, na siku ya vita ilichemshwa ikamwagiwa adui kupitia matundu yaliyo juu ya milango. Mwongozaji alilisimulia hilo kwa raha, na wazungu wakalipenda. Damu ya zamani ikiwa imekauka vya kutosha, watalii hawana shida nayo.

Hapo Ibra sasa. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Wanaume wa kundi letu wakaambiwa wabaki nje, nikaona ni haki tupu. Ndani kuna vitambaa, hina, wanja, udi, mafungu ya ubani. Nikashika fungu la ubani, nikaulizia bei kwa vidole, nikanong'ona peke yangu, "Mbona ghali hivi?"

"Si ghali, mwanangu," mama mwenye biashara akasema. "Huu ubani wa Dhofar."

Nikaganda. Kisha adabu ikanirudia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watoka wapi, Unguja?"

"Tabora, bibi."

Akaweka mizani chini. Yeye mwenyewe kazaliwa Pemba, akaondoka msichana baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini ami yake alikuwa na duka Tabora, na alizikwa huko huko. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kabisa: "Ile miembe bado ipo?" Ile miembe! Iliyopandwa kando ya njia za misafara, ambayo sisi tunaegesha bodaboda chini yake bila kuifikiria. Nikamwambia ipo, mingine imekatwa. Nikawa naanza kumweleza ni ipi iliyobaki, honi ya gari ikalia. Mara mbili.

Tukapita mtaa wa Al-Manzfah, tukiutazama kupitia vioo vya gari. Ni majumba ya ghorofa yaliyokuwa ya matajiri wa biashara ya Afrika Mashariki, matao yake yamesimama bila dari, ukuta mwingine umelala chini, mwingine umeanza kukarabatiwa. Mwongozaji alisema kwenye spika, "Hapa waliishi wafanyabiashara," akarudi kwenye habari ya kambi na chakula cha jioni. Dakika nne, labda tano.

Na jangwa? Sitalisingizia. Mchanga wa Sharqiya, ambao wenyeji wengi bado wanauita wa Wahiba, una urefu wa kilomita 180 hivi na upana wa 80, na ukisimama juu ya kilima jua linapozama unaelewa kwa nini watu wanavuka bahari kuja kuuona. Kabla ya kuingia tulisimama Bidiya, dereva akachuchumaa kwa kila tairi akitoa upepo, ile sauti ya shhhh, akipima kwa kigeji chake cha mfukoni mpaka matairi yakawa yamelegea kama maandazi ya jana. Tairi likijaa upepo huchimba, likilegea hutambaa. Usiku nilizilalia nyota mpaka shingo ikaniuma. Mchanga wenyewe, ukiuchota, ni laini na baridi juu, na chini yake kidogo bado una joto la mchana.

Lakini saa mbili nzima za kurushwa juu na chini ya vilima na magari, watu wakipiga mayowe na kurekodi, hizo ndizo zilizokula Ibra yangu. Dada mmoja wa kundi alitapika. Na jangwa lenyewe tuliuziwa kama mahali patupu, "pasipo historia", ilhali lina Mabedui wanaoishi humo kwa ngamia na mbuzi, na miji ya ukingoni mwake ndiyo iliyopeleka watu Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Hao waliokutana na wapagazi wa Kinyamwezi hawakuzuka ufukweni Bagamoyo. Wengi wao walitoka hapa hapa.

Sur ndiko tulikosigana kidogo, kwa upole. Pale kuna jahazi liitwalo Fath al-Khair, lililojengwa Sur mwaka 1951, likauzwa Yemen, kisha watu wa Sur wakalirudisha nyumbani. Ni zuri, ubavu wake umepinda kama mkono wa mtu aliyebeba mtoto. Mwongozaji akataja shehena za majahazi ya zamani: tende na chumvi kwenda Afrika, boriti, pembe na karafuu kurudi. Nikangoja. Akahamia kwenye misumari na mbao za msaji.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, maana mama yake kazaliwa Ng'ambo, Unguja, na anakizungumza kuliko vijana wa Dar. "Na watu, kaka? Hawakupakiwa watu?"

Akanyamaza. "Wageni wamekuja kupumzika, dada."

Simlaumu sana, kazi ni kazi, na ana watoto wa kusomesha. Lakini sikubaliani naye. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na bado baada ya hapo majahazi ya Sur yaliendelea kupita na watumwa. Mengine yalipeperusha bendera ya Ufaransa ili Waingereza wasiyapekue, mpaka ugomvi wa bendera hizo ukafika kwenye mahakama ya The Hague mwaka 1905. Utumwa wenyewe Oman ulipigwa marufuku mwaka 1970, na baadhi ya wasomaji wangu walikuwa wameshazaliwa. Wajukuu wa waliopakiwa wapo Sur leo, ni Waomani, wanavua na kuunda majahazi. Historia yao si tusi kwa mtu. Nasi Wanyamwezi tusijitie usafi: Mirambo alifanya biashara ile, na watemi wengine wetu waliuza. Asali ya moto kumwagiwa mtu kichwani ikisimulika mbele ya wageni, hili nalo linasimulika.

Njiani kurudi gari lilipita Qalhat, mji wa kale wa bandari, bila kusimama. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14, alifika Qalhat kwa miguu kutoka Sur, amekodi mwongozaji aliyetaka kumtoroka na nguo zake, akaingia mjini miguu imevimba. Huyo ndiye aliyefika pia Mombasa na Kilwa, mwaka 1331. Kwa hiyo malalamiko yangu juu ya waongozaji yana nasaba nzuri.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Oktoba na Machi, vinginevyo jua litakusulubu. Na usikubali ratiba waliyokuchapishia. Waambie usiku mmoja ulale Ibra kwenyewe, utembee Al-Manzfah kwa miguu asubuhi na mapema, mchanga uende jioni tu. Ni mwendo wa chini ya saa moja. Waliobobea kwenye kazi hii watakupangia. Watakaokuambia Ibra "hakuna kitu", tafuta wengine.

Mimi juzi nimepita barabara ya Kwihara nikapiga picha miembe sita. Mmoja una tundu shinani linaloweza kumficha mtoto. Ila bibi yule sikuwahi kumuuliza jina. Kama kuna anayekwenda Ibra Jumatano yoyote, aniandikie nimtumie picha amwonyeshe. Ukiingia sokoni yuko mkono wa kushoto, anapima ubani kwa mizani ya shaba.