Kalenda ya vyumba kutoka seva ya mbali: nani anashika funguo?

Mwenye hoteli ya Kigoma anayepokea watalii wa Gombe hana haja ya kutengenezewa mfumo wake wa kuhifadhi vyumba. Anajisajili kwa kampuni ya nje, anapewa mstari mmoja wa JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari cha mgeni), fundi anaubandika kwenye ukurasa uliokuwepo siku zote, na kalenda inatokea. Marekebisho yote hufanyika huko huko kwenye seva yao. Kama fundi aliyetengeneza tovuti alishahamia Dar, hiyo si faida ndogo, na wengi wanaoibeza hawajawahi kulipia matengenezo.

Hoja nyingine ya watetezi wa njia hii, kwamba faili linalotumiwa na tovuti nyingi huwa tayari limo kwenye simu ya mgeni, imepitwa na wakati. Tangu Chrome 86 ya mwaka 2020, kila tovuti ina akiba yake ya mafaili kwenye kivinjari, na Safari ilitangulia. Faili linapakuliwa upya, kwa bando la mgeni. Fungua ukurasa wa namna hiyo ukisubiri boti Kibirizi, mtandao ukiyumba: kichwa kinaonekana, chini yake pengo jeupe, unataka kubonyeza namba ya mapokezi, mara kalenda inatua na kusukuma kila kitu chini. Kidole kinaangukia kwingine. (Kuitengea nafasi mapema kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ni kazi ya dakika moja, lakini nani anajali?)

Kasi, hata hivyo, ni jambo dogo. Skripti ya nje, yaani msimbo kama ule mstari wa kalenda, ni mgeni aliyekabidhiwa funguo za nyumba nzima: inasoma fomu, na ikitaka inabadilisha hata Lipa Namba. Mwaka 2024 kikoa (anwani ya tovuti) cha polyfill.io, kilichosambaza msimbo wa kusaidia vivinjari vya zamani, kilibadili mmiliki mwezi Februari. Kufikia Juni kilikuwa kinapeleka wageni kwenye kurasa za utapeli, na tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikikitumia. Wenye tovuti hizo hawakuwa wamegusa hata herufi moja.

Kinga ipo: kwenye ule mstari unaweka alama ya uhakiki, mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, na faili likitofautiana nayo kivinjari kinalikataa. Ila kampuni ikirekebisha hitilafu moja tu, kalenda inazimika mpaka fundi abadilishe alama. Yaani ile faida tuliyoifuata imeondoka. Alama hiyo inafaa faili lisilobadilika, siyo kalenda inayorekebishwa mara kwa mara.

Ndiyo maana naegemea aifremu (iframe), dirisha ndani ya ukurasa linaloonyesha ukurasa mwingine. Kalenda ikitoka kikoa kingine na kukaa ndani yake, haiwezi kusoma ukurasa unaoizunguka. Wabunifu watalalamika kwamba urefu haukai sawa na rangi hazilingani. Wana haki, lakini hilo linavumilika pale ukurasa unapokusanya namba za pasipoti. Shadow DOM, sehemu ya ukurasa iliyotengwa ambayo wengine huidhania ulinzi, hutenganisha mitindo na muundo, haifungi skripti. Module Federation ya Webpack 5, njia ya kuunganisha vipande vya programu vinavyotengenezwa na timu tofauti, waachieni wenye timu kumi za wahandisi.

Vyovyote utakavyochagua, namba ya mapokezi iandikwe kwa HTML ya kawaida, juu ya kalenda, ili kampuni ikifunga biashara, mgeni aweze kupiga simu.